Msandali wa Kalunde na Mtoto wa Koala

Kalunde wa Kwa Vonza alikuwa na ugonjwa mmoja, usafi wa shamba. Majirani walimtania kwamba kwake jani haliwezi kuanguka bila kuomba ruhusa. Hakujali. Magugu aliyaona aibu, sawa na kwenda kanisani na nguo chafu.

Marehemu mumewe, Munyao, alikuwa ametunza msandali mmoja mpakani, mti ambao siku hizi ni adimu kwa sababu wezi huung'oa na mizizi yake, wakauuze kwa watengeneza manukato. Munyao alipofariki, wezi hao hawakungoja hata matanga yaishe. Waliacha shimo tu. Mvua iliponyesha, Kalunde aliona mche umechipuka ndani ya kichaka kando ya lile shimo, akalia kwa furaha. Huu wa Munyao, aliapa, hautaibwa.

Akauzungushia ua wa miiba na kuunywesha maji aliyoyabeba mgongoni. Kile kichaka alikifyeka, akang'oa na visiki, ili mche upate hewa.

Wakati huo binti yake Kasyoka, anayefanya kazi Australia, alikuwa akilea mtoto wa koala ambaye mama yake aligongwa na gari. Alituma video: kinyama kimo ndani ya mfuko wa kitambaa, maana hukulia katika mfuko wa tumbo la mama, na ukikitoa mapema kinakufa. Kalunde alicheka sana, hasa aliposikia kwamba koala hula majani ya kalitusi, mti anaoulaumu kwa kukausha kisima chake.

Kasyoka alipompigia, alimweleza kuwa koala nao wanapungua kama misandali. Hapo Kalunde akajisifu: msandali wake uko salama, hata kichaka ameshakiondoa.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "msandali mchanga unashika mizizi ya jirani ndio upate kunyonya. Hicho kichaka ndicho kilikuwa mfuko wake."

Siku hiyo hiyo Kalunde alipanda mbaazi kuuzunguka ule mche, na moyo ulimuuma kila alipochungulia. Majani yakawa ya manjano, yakapukutika. Mbaazi zilipochipua, mche ulikuwa umeshakauka.

Koala wa Kasyoka alikua, akarudishwa msituni.

Kavindu, jirani wa Kalunde, alipoona ua uko mtupu, aliuliza kama wezi wamerudi. Kalunde angeweza kuitikia, na hakuna ambaye angewatetea wezi.

"Hapana," alisema. "Huu niliuua mimi, na nilikuwa naupenda."