Ngoma Ambayo Baba Aliulizia

Nakumbuka alasiri moja ya jua kali pale Makindu, mwanangu, nikiwa fundi redio kijana, mwembamba wa mwili na mnene wa maringo. Msafiri mmoja niliyemtengenezea redio alikuwa ameniachia kanda kama zawadi. Muziki wake ulikuwa roki, lakini si roki ya kucheza. Ulikuwa na giza. Ngoma zilirudia pigo moja mpaka kifua kikaitikia; gitaa la besi lilinguruma kama lori linalopanda mlima; kisha kwaya nzima ikaingia, ikiimba kwa lugha isiyozungumzwa popote duniani, maana wanamuziki wenyewe waliibuni. Msafiri aliniambia unaitwa zeuhl, na ulizaliwa Ufaransa.

Pale mjini hakukuwa na mwingine aliyeupenda. Basi nikajifungia nao. Upweke nikaugeuza cheo: nilijiona mtu wa pekee kwa sababu tu nilikuwa peke yangu.

Alasiri hiyo Baba alikuja kutoka kwetu Kalamba kunitembelea, na mfuko wa ndengu. Akakaa kwenye benchi ya kibanda changu, kofia magotini, akasikiliza upande mzima wa kanda. Ilipoisha akauliza, "Mutiso, hii ngoma inasema nini?"

Sikuinua hata macho. "Baba, hii huwezi kuelewa."

"Si unielezee pole pole?"

"Hii ni ya watu wamesoma."

Nami nilikuwa nimeishia darasa la saba, mwanangu! Baba akavaa kofia, akasema gari la nyumbani lisimwache, akaenda. Makindu hakukuja tena. Nikawa naenda Kalamba Krismasi tu, na tukiketi tulizungumza habari za mvua. Miaka minne ikapita hivyo, kisha akafariki.

Baada ya mazishi, shangazi Kalunde, dada yake mkubwa aliyeolewa Kanyangi, aliniita kando.

"Baba yako alirudi kutoka Makindu akaniambia amesikia wazungu wakipiga kilumi," alisema. "Ulijua yeye alikuwa anapiga kilumi?"

Sikujua. Kilumi ni ngoma ya zamani ya Ukambani, inayorudiwa na kurudiwa hadi mchezaji ajisahau. Baba aliiacha alipookoka, na sisi watoto hakutuambia kamwe.

"Alitaka kukuonyesha mahali ngoma inageuka, pale pigo linabadilika. Wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atanifariji.

"Ulikuwa na mtu mmoja dunia hii wa kusikiza hiyo kitu na wewe, Mutiso, na ukamfukuza. Basi sikiza peke yako."

Nimesikiliza peke yangu miaka mingi. Nywele zimeisha kuwa nyeupe, na mpaka leo sijui ngoma ile inageuka wapi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Muziki huo siku hizi uko kwenye simu, nawe huenda ukaupenda. Mtu akikuuliza ni nini, usimtupie wimbo wa nusu saa kama unayemtupa mtoni. Mpe kipande. Mwambie asihangaike na maana ya maneno, sauti hizo azisikie kama ala nyingine tu. Mwambie ashike besi, aifuate kama mtu anavyofuata njia ya ng'ombe porini. Mengine yatamjia yenyewe. Akiogopa giza lake, mwambie hata wewe uliogopa. Akichoka, zima, mpe chai. Lakini usimwambie hawezi kuelewa, kwa kuwa hujui amebeba nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba ujinga ni wa yule anayeulizwa akajivuna. Anayekuuliza juu ya kitu unachokipenda anabisha hodi kwako. Fungua angali mlangoni.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu, akupe na sikio la subira, na nyumba yako isikose mtu wa kukuuliza.