Mfumo Unasema Vipo Mwazye

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu hupenda kwenda na ushahidi. Ndiyo maana tulipofunga mfumo wa kompyuta wa kusimamia stoo niliupenda siku ile ile. Niliona nimepata shahidi asiyeugua, asiyekwenda msibani, na asiyeweza kuniambia, "Nadhani niliviweka pale karibu na dirisha."

Tulianza na mashine moja ya kutoa kopi pale Sumbawanga mjini, mimi na kiti cha plastiki. Zikaja kadi za harusi, zikaja fulana, mabango, kalenda. Halafu wateja wakaanza kutuachia mizigo yao: chapeni, tunzeni, mtakuwa mnatutumia kidogo kidogo. Tukapanga ghala lililokuwa la mahindi. Mpaka leo ukifungua boksi la fulana unaweza kumkuta fukusi anatembea taratibu juu ya nembo ya shule ya watu, wala hana haraka.

Stoo ilikuwa mikononi mwa mama mmoja mtu mzima, mwenye umri wa kunizaa, ambaye kila asubuhi nilimwamkia kwanza ndipo nimlaumu. Rafu alizipa majina yeye mwenyewe, kwa kufuata mizigo inakokwenda: Mpui, Laela, Matai, Mwazye, Kasanga. Mwanzoni mzigo wa Matai ulikaa rafu ya Matai, basi. Biashara ilipokua mizigo ikahamahama, majina yakabaki. Ukimuuliza kofia za shule fulani ya hapa hapa mjini, anakujibu, "Ziko Kasanga, juu kabisa, angalia usiangushe ndoo." Hakukosea hata mara moja. Ila alipougua malaria wiki nzima, sisi wengine tulisimama mlangoni mwa stoo yetu wenyewe tukitazamana, na hapo ndipo nilipoamua kununua mfumo.

Mtaalamu aliyeufunga alikuwa Dar es Salaam, tukielekezana kwa simu. Akaniuliza rafu zetu tunaziitaje. Nikamtajia. Akacheka kidogo, akasema wengine hutumia herufi na namba, A moja, B mbili. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Kubandika majina mapya kungenimalizia siku nzima, nami nilikuwa na haraka ya kuwa wa kisasa.

Mama wa stoo alipewa skana, kile kifaa cha kusoma stika zenye mistari. Akakiita pasi, kwa sababu alikisugua juu ya stika mtu akadhani ananyoosha sketi. Kikilia, anakiitikia, "Ee." Mtaalamu alimweleza kwamba hakuna haja ya kusugua, kinaona kwa mbali. Mama akamshukuru sana, akaendelea kusugua. Lakini kazi ilienda, na kila alichokisugua nikakiona kwenye simu yangu: kitu gani, vingapi, mahali, hali.

Nikaacha kabisa kuingia stoo. Nilikaa ofisini na chai yangu na koti langu la baridi, nikiwajibu wateja kabla hawajamaliza kuuliza. Mfumo unasema. Mfumo hauonyeshi. Ngoja niuangalie mfumo. Mume wangu alilalamika kwamba hata nikiulizwa chumvi iko wapi naanza kutafuta simu.

Sasa, kule Mwazye kulikuwa na shemasi, mtoto wa pale pale, aliyekuwa anapewa upadre. Familia yao haikuwahi kutoa padre. Kamati ikatuagiza vijitabu vya misa vyenye picha yake mbele, maboksi sita, na misa yenyewe ilikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole, akanipigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Tunaulizia vile vijitabu vyetu."

Nikafungua simu. Mahali: Mwazye. Hali: Tayari.

"Mbona vimeshafika, mzee? Vipo Mwazye."

"Mwazye ipi?"

"Si hapo hapo kwenu."

"Mama, mimi hapa nilipo ni Mwazye. Sivioni."

"Mzee wangu, mfumo unasema vipo."

Yule mzee, Mungu ambariki, akaenda kuvitafuta. Alivitafuta parokiani, akavitafuta shuleni, akaingia zahanati, akamuuliza muuza duka. Alinipigia mara tatu, kila mara kutoka sehemu mpya isiyokuwa na vijitabu. Na sisi hakuna aliyewaza kufungua mlango wa stoo. Ukavitafute stoo ya nini, vitu ambavyo viko Mwazye?

Hasira zikanipanda, na zilipopanda zikatafuta mtu. Mizigo yetu ya upande ule hupelekwa na mwanaume mmoja mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Ni mwenyeji wa Mwazye, mke na watoto wake wako huko. Miaka yote hiyo hakuwahi kutupotezea hata bahasha. Lakini Jumatatu ya wiki ile alikuwa amekwenda kwao na mzigo wetu, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo. Nikampigia, nikaweka spika, wateja wanasikia.

"Vijitabu vya padre umevipeleka wapi?"

"Vijitabu gani tena, dada? Jumatatu nilibeba madaftari ya shule na mabango mawili."

"Mfumo unasema viko Mwazye. Nani mwingine anayekwenda Mwazye na mizigo yangu?"

"Dada, mimi sijavibeba."

"Basi vimetembea kwa miguu."

Wateja wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, siwezi kudanganya. Nikampigia na mwenyekiti, nikamwambia, "Mzee, mtu wetu ndiye anavyo. Mbaneni huko huko kwenu, atasema." Sikusema labda, wala sikusema nadhani.

Mama wa stoo wiki hiyo hakuwepo, alikuwa Mpui kwenye maharage yake. Alirudi Ijumaa asubuhi, akaniletea na furushi langu la maharage. Nikampokea, nikamwamkia, nikaanza kumsimulia jinsi tulivyoibiwa. Hakuwa ananisikiliza, alikuwa ameshaingia stoo kuvua kanga ya safari. Akaniita kutoka ndani.

"Mwanangu, mbona hivi vitabu vya padre bado viko Mwazye?"

"Ndiyo tabu yenyewe mama! Viko Mwazye na havionekani!"

"Havionekani na nani?"

"Na watu wote! Mzee wa watu ametafuta mpaka zahanati!"

"Kwa nini asije kuvichukua?"

"Avichukue wapi?"

"Mwazye."

"Mama, yeye yuko Mwazye!"

Akatokeza kichwa mlangoni, akanitazama kwa huruma, mtu angesema mgonjwa ni mimi. "Njoo," akasema. Nikaenda. Rafu ya nne, nyuma ya mlango, maboksi sita yamepangana vizuri, na juu yake kibao cha mbao kimeandikwa kwa mkono wake, kwa maka pen nyekundu: MWAZYE. Yule shemasi alikuwa akinitabasamia kutoka kwenye stika ya boksi la juu.

Kwa dakika nzima nilicheka. Nilijishika tumbo, mama naye akacheka, tukashikana mikono. Halafu akafuta machozi, akaniuliza, "Sasa huyo uliyesema ameviiba ni nani?" Nilipomtajia aliacha kucheka, nami nikaacha. Akasema vitabu niende navyo mwenyewe, na niende na yule yule.

Alikuja na kirikuu chake nilipompigia. Alipakia maboksi sita, akafunga kamba, akanifungulia mlango. Tukashika njia ya Matai. Mimi ndiye niliyeongea, na niliongea sana, kuhusu mfumo, na safu ya mahali, na jinsi mtaalamu alivyonishauri herufi na namba. Alibadilisha gia. Mwishowe akasema, macho yako barabarani, "Mke wangu leo siku ya pili hatoki nje. Wanamuuliza vitabu vya misa mtu anaviiba akavifanyie nini."

Swali lilikuwa la maana na lilichekesha, nami sikuweza kucheka.

Tulikuta uwanja wa kanisa umejaa watu. Kwaya inafanya mazoezi, wanaume wanasimamisha maturubai, akina mama na mabibi wamekaa chini wanapepeta ulezi. Maboksi yalipoonekana vigelegele vikapigwa, hata mke wa mwenye kirikuu akatoka akasimama mbali, ukutani mwa kanisa, na mwenyekiti akataka kunikumbatia. Nikamwomba nafasi niseme neno. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili changu cha ofisini kwamba kulitokea changamoto ya kimfumo, kwamba mfumo ulionyesha taarifa ambazo hazikusomeka ipasavyo, kwamba ndugu yetu huyu hahusiki kwa namna yoyote, na kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Wakanipigia makofi, na mwenyekiti akasema mitambo ndivyo ilivyo. Nikaona nimemaliza, nikageuka kuelekea kwenye gari.

Mwenye kirikuu hakuondoka pale alipokuwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hawa mabibi hawajakusikia."

"Nimesema kwa nguvu."

"Habari ya mimi kuiba waliipata kwa Kifipa."

Kifipa changu ni cha jikoni, nilikipata kwa bibi yangu kabla sijaanza shule. Kwa Kifipa ninaweza kuomba chumvi, kufukuza kuku na kusema nimeshiba. Nikarudi, nikasimama mbele ya mabibi, nikatafuta neno la mfumo. Sina. Nikafikiria kusema mashine, lakini mashine wanayoijua wao ni ya kusaga, na wangejiuliza imenisemesha vipi. Changamoto, sina. Taarifa, sina. Usumbufu uliojitokeza, ndiyo kabisa. Nilibakiwa na maneno ya mtoto wa miaka mitano, ikabidi niyatumie hayo hayo.

Nikasema: huyu, nilisema ameiba. Hakuiba. Vitu vilikuwa kwangu, nyumbani kwangu.

Wakaangua kicheko. Walicheka lafudhi yangu, mmoja akaniigiza neno kwa neno wenzake wakagongeana mabega, na mimi nikacheka nao kwa sababu nilijua ilistahili. Kisha bibi mmoja wa mbele akauweka ungo wake chini. Yeye hakuwa anacheka. Akaniuliza kwa upole kabisa, jinsi unavyomuuliza mtoto aliyevunja kitu:

"Nani alikuambia kwamba ameiba?"

Nikamgeukia mwenye kirikuu anisaidie neno moja tu, lolote, la kumweka mtu mwingine mahali pangu. Alikuwa na Kifipa chote cha dunia mdomoni mwake. Alinitazama tu, akangoja.

"Hakuna," nikamwambia bibi. "Nilisema mwenyewe."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akamgeukia jirani yake akamweleza. Jirani akamweleza wa nyuma yake. Nikasimama pale jua limenipiga usoni, nikisikia maneno yangu matatu yakipokezwa kwenda nyuma, mdomo kwa mdomo, hadi ukutani alikokuwa amesimama mke wa mwenye kirikuu.