Kuwapima Walioondoka

Shemeji yangu ni mkaguzi wa shule, na mimi ni dereva wa ofisi yao. Hebu fikiria: mtu aliyeingia kwenu kama mke wa kaka yako, wewe ukiwa bado unavaa kaptula, leo ndiye anayekaa kiti cha nyuma na kukwambia upunguze mwendo. Ofisini wanamwita Mizani. Hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Walimu walimpachika baada ya kuona kwamba chai yao anakunywa, asante anasema, na alama mbovu anaandika vilevile.

Kabla ya ukaguzi alifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na mpaka leo akiongea na mtu mzima anamtazama kama vile anasubiri amalize kufunga vifungo vya shati. Kaka yangu ameshazoea. Alistaafu mapema kwa sababu ya mgongo, akashika jiko, na analalamika kwamba mchuzi wake huonjwa mara mbili kabla ya kusifiwa mara moja.

Kazini ana utaratibu wake, hana simile. Haanzii ofisi ya mwalimu mkuu. Anakwenda moja kwa moja darasani, anajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakigota mbao, kisha anamwita mwanafunzi yeyote. "Wiki iliyopita mlijifunza nini? Haya, nifundishe na mimi." Anaamini kwamba aliyefundishwa akaelewa anaweza kumweleza mwenzake, na ambaye hakuelewa ataanza kukuna kichwa. Kwa swali hilo nimeona walimu wakuu wenye suti wakitokwa na jasho asubuhi ya baridi. Mimi husimama mlangoni na mafaili, nikijifanya sioni.

Mwaka huo tulipangiwa shule ya maadilisho, ile inayopokea vijana waliopatikana na makosa mahakamani. Ukuta mrefu, geti la chuma, askari anayepekua mpaka kasha la chaki. Ndani kuna mabweni, karakana, bustani ya mboga, na vyumba vya madarasa vilivyopakwa rangi hadi usawa wa kiuno, maana rangi iliishia hapo. Matokeo ya mitihani yao yalikuwa mkiani miaka yote. Bosi wetu alituambia wazi kabla hatujaondoka: ripoti ya Mizani ikiwa mbaya nayo, walimu wa pale watahamishiwa shule nyingine zenye uhaba, na wale vijana wabaki na jembe na randa mpaka siku zao ziishe. Hakuna tena kusoma.

Mwalimu wa hesabu tuliyemkuta alikuwa kijana mwembamba, mikono imejaa chaki mpaka kwenye viwiko. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tena, kwa sababu mtu akikosea hamfokei, anasema tu "tena," na akikosea mara nyingine anasema hivyohivyo kwa sauti ileile. Shemeji akakaa nyuma kama kawaida yake, akamwita wa kwanza.

"Wiki iliyopita mlijifunza nini?"

"Wiki iliyopita sikuwepo, mama. Nilikuwa mahakamani."

"Na wewe?"

"Mimi nimeletwa juzi."

Wa tatu alisimama akiwa anatabasamu. "Mimi nilikuwepo, mama. Lakini naondoka kesho, kwa hiyo nimeshafunga masikio."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi mlangoni nikacheka. Mizani hakucheka. Aliwauliza wengine, akapata majibu ya aina hiyohiyo, akafungua kalamu na kuandika neno moja: hafifu. Nililiona kwa sababu anaandika kwa herufi za darasa la kwanza, hata mwenye mtoto wa jicho angelisoma.

Tulipofika kwenye gari, Mwalimu Tena alikuwa ametufuata. Alikuwa na hasira.

"Mama, naomba kuuliza. Umepima nini humu leo?"

"Nimepima darasa lako."

"Darasa langu limeshaondoka! Kijana akitulia, akasoma, akabadilika, anapewa ruhusa ya kurudi kwao kabla ya muda. Siku ninayomfikisha mahali ndiyo siku anayofungasha. Mtihani ukija unawakuta walioingia juzi, hata majina yao sijayashika, halafu mnasema sifundishi. Sasa nikitaka matokeo mazuri nifanyeje? Niwaombee wakae ndani zaidi?"

Mimi niliinama nikaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Una cha kunionyesha kwamba hao walioondoka walikuwa wanajua?" shemeji aliuliza.

"Ninawakumbuka wote, mmoja mmoja."

"Kumbukumbu yako siyo kipimo, mwanangu," alisema, akafunga mlango.

Njia nzima hakunikosoa hata kona moja, nikajua kuna jambo. Nyumbani alikula mchuzi wa kaka bila kuuonja kwanza, na kaka akanitazama kama anayeuliza nani amefariki. Asubuhi yake nilipompitia aliingia, akakaa kiti cha mbele, kitu ambacho hafanyi.

"Shem," akasema, "lile swali langu ni la watoto wanaokaa. Mimi nimewauliza watoto wanaopita."

"Basi futa uliloandika, uandike jingine."

"Niandike nini? Kwamba mwalimu ana hasira na anaweza kuwa na haki? Nikipeleka hadithi, Bosi ataitupa kapuni, na yule kijana amekalia kuti kavu. Inabidi niwapime walioondoka."

Hapo ndipo nilipompenda mwanamke yule upya. Watu wengi wa cheo chake wangejikunyata ndani ya ripoti yao na kuitetea mpaka kiama.

Bosi alimpa mpaka mwisho wa mwezi, tena kwa kuguna. Afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole mwenye funguo nyingi kuliko makabati, ndiye aliyejua vijana walipelekwa wapi, lakini alisita kusema. Alitueleza kwamba wengi wameanza upya kwenye shule ambako hakuna anayejua walikotoka. Ukienda pale ukauliza "yuko wapi yule aliyetoka maadilisho?", jioni hiyohiyo shule nzima itajua, na mtoto hatarudi kesho yake.

Shemeji alikubaliana naye. Akakaa, akachora-chora kwenye meza kwa kidole, kisha akakata shauri: hatamwita mtoto yeyote. Atalipima darasa zima. Ataingia kama mkaguzi anayefanya kazi yake ya kila siku, ambayo kwa kweli ndiyo kazi yake, atagawa mtihani mfupi kwa wote, habari ya kusoma na kueleza, na hesabu kidogo, kisha atakusanya. Nani anatafutwa, atajua yeye na afisa ustawi peke yao. Mimi nilipewa kazi ya kubeba karatasi na kufunga mdomo, na hiyo ya pili ndiyo ilinitoa jasho.

Tulizunguka shule nyingi. Si kila tulipokwenda tulipata furaha. Mmoja alikuwa ameacha shule na hajulikani alipo. Mwingine alikuwa amekamatwa tena, na mimi nikashauri tumwache kando maana ataharibu hesabu. Shemeji alinigeukia kwa lile jicho lake la vifungo. "Naye amefundishwa pale, shem. Anahesabiwa." Nikafyata mkia.

Halafu tukafika shule moja ya kutwa, karibu na kiwanda cha matofali. Tulipoingia darasani macho yangu yakagongana na ya binti mmoja wa safu ya dirishani, na nikamtambua papo hapo. Mwaka uliotangulia, nilipompeleka afisa mwingine kule shule ya maadilisho, alikuwa akifagia karibu na geti, akaniuliza kwa nini gari hunguruma zaidi likipanda mlima, tukapiga soga mpaka askari akatutenganisha. Nilifurahi kupita kiasi. Mdomo ulishafunguka nimwite, shemeji akanikanyaga mguu kwa kisigino. Nina alama mpaka leo.

Binti alikuwa ametuona pia. Uso ulimshuka, mikono akaificha chini ya dawati. Rafiki yake wa kando alimnong'oneza kitu akacheka, yeye akakaza macho ubaoni. Niliumia. Mtoto alikuwa na sare safi, nywele zimesukwa, ana mwenzake wa kukaa naye dawati moja, na sasa aliona vyote hivyo vinataka kubebwa na watu wawili waliokuja na bahasha.

Shemeji alitangaza kwa sauti ya kawaida kabisa. "Watoto, leo nimewaletea jaribio. Mmechaguliwa kwa sababu chumba chenu ndicho kilicho karibu na gari langu, na miguu yangu imechoka." Wakacheka. Akagawa karatasi safu kwa safu. Alipofika dirishani hakupunguza mwendo wala kuongeza, akaweka karatasi ya binti kama alivyoweka za wengine, akapita. Binti alikaa muda bila kushika kalamu. Kisha alianza kuandika, na alipoanza hakunyanyua kichwa.

Muda ulipokwisha tulikusanya. Shemeji alipoinama kuchukua karatasi yake, binti alisema chini chini, midomo haikufunguka sawasawa, "Mwalimu Tena bado yupo?"

"Yupo," shemeji akajibu, akaenda dawati linalofuata.

Kwenye gari alikaa na bahasha mapajani, hakuniambia niwashe. "Nimemwambia yupo," akasema. "Sasa naomba nisiwe nimemdanganya yule mtoto."

Alisahihisha mezani kwao, kaka akiwa amepigwa marufuku kusogeza sahani karibu. Alifunika majina yote kwa vipande vya karatasi na kuchanganya mafungu, ili mkono wake usije ukampendelea mtu. Alipomaliza fungu la ile shule ya kutwa alilipanga kuanzia aliyefanya vizuri mpaka aliyeshindwa, akanisukumia.

"Wa kwetu ni yupi?"

Nilichagua karatasi ya juu kabisa. Nilitaka awe yeye, nilitaka hivyo kwa moyo wote. Akafunua jina, hakuwa yeye. Nikaingiwa na hofu, nikachukua ile ya chini. Hakuwa yeye. Ikabidi afunue moja moja, na tukampata katikati, mbele ya rafiki yake yule wa kando na nyuma ya mtoto mwingine tu ambaye sikumkumbuka hata sura. Alikosea hesabu moja waliyoikosea nusu ya darasa, na aliposoma ile habari alieleza kwa maneno yake mwenyewe.

"Katikati," nikasema. Nilikuwa nimevunjika moyo kidogo.

"Shem, wewe huoni?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi kwa miaka yote sijamwona analia isipokuwa msibani. "Faili la afisa ustawi linasema huyu aliingia kule hajui kugawanya. Hakukaa hata mwaka. Leo nimemchanganya na wenzake ambao hawajakosa shule hata siku moja, na nimeshindwa kumtambua."

Wengine walikuwa hivyohivyo, wengi wao. Wachache walikuwa juu, wachache chini, kama watoto wa watu wengine wowote.

Bosi aliisoma ripoti mbele yetu, miwani kwenye ncha ya pua. Aliuliza kwa nini waliopotea nao wameingizwa, wakati wanashusha alama. Shemeji akamjibu kwamba akiwatoa hao, yaliyobaki hayatakuwa kipimo, yatakuwa matangazo. Nadhani jibu hilo ndilo lililomgeuza, maana mtu anayetaka kukudanganya hakuletei yanayomuumiza. Aliguna, akazungusha kalamu, akasema walimu wabaki. Kuanzia sasa kila kijana apimwe siku anayoingia na siku anayotoka, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iwe alama ya shule, na mtihani wa mwisho wa mwaka usitumike tena kuwahukumu. Mazungumzo yakaishia hapo. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni bosi.

Tulikwenda kumwambia Mwalimu Tena siku hiyohiyo. Alitoka darasani na kipande cha chaki mkononi, akatukazia macho kama mtu anayesubiri kupigwa. Shemeji alimpa habari kwa ufupi, hajui kuzungusha maneno. Kijana hakushukuru wala hakuruka.

"Kuna yeyote uliyemwona?" akauliza. "Wanaendeleaje?"

"Siwezi kukutajia jina."

"Naelewa."

"Ila kuna mmoja aliuliza kama bado upo. Ana rafiki. Hesabu anakosea zilezile wanazokosea wenzake. Ni mtoto wa kawaida kabisa."

Mwalimu aliegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akachuchumaa, akafunika uso kwa mikono ile yenye chaki. Alilia kwa sauti, askari wa getini akageuka kutazama. Shemeji alichuchumaa kando yake na sketi yake ya ofisini, akamshika bega. Alipotulia, mwalimu alisimama, uso umegeuka mweupe kwa chaki, akaomba radhi, akasema inabidi aingie, maana asubuhi ile walikuwa wameletwa wapya na hakuna aliyekuwa amewaonyesha pa kukaa.