Nta ya Inyonga Kwenye Gari la Bibi Harusi

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa watu wa mtaani kwetu Shanwe mtaipata ikiwa imeongezwa chumvi, na haihitaji chumvi. Gari langu, lile jekundu la spoti la milango miwili, la zamani kidogo (mke wangu anasema zamani sana), ndilo lililomkimbiza mdogo wangu Yustina na shela mkononi siku ya harusi yake, mbele ya wapiga matarumbeta, na aliyelitengeneza gari hilo ni mimi, kwa mikono hii, bila fundi yeyote.

Ilianzia kwenye kikao cha familia. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Yustina alikuwa atokee nyumbani kwangu kwenda kanisani, na shangazi akashauri tuazime gari la jirani, kubwa, jeupe, lenye kiyoyozi. Nikasema hapana. Nikasema binti wa mzee wetu haendi kuolewa kwa gari la kuazima wakati kaka yake ana gari la spoti, na nikalisema kwa sauti ile ya mtu ambaye hawezi tena kurudi nyuma. Yustina akaniangalia.

"Kaka, lile linalopuliza moto?"

Ni kweli, lilikuwa linapuliza moto. Koki ya hita, ile inayoruhusu maji ya moto ya injini yaingie kupasha hewa ya ndani, ilikuwa imekwama wazi, kwa hiyo kwa jua hili la Mpanda nilikuwa natembea na hita kutwa nzima. Viti navyo vilichanika, kitambaa cha dari kilikuwa kinanigusa utosini, na sponji za kuzibia maungio ya njia za hewa nyuma ya dashibodi zilikuwa zimeoza, ukiwasha feni zinakurushia unga mweusi usoni. Mambo madogo hayo. Nilikuwa nimeangalia video za kutosha kwenye simu.

Basi nikang'oa dashibodi yote nikaitandaza uani kwenye mkeka, mke wangu akawa anaanika nguo kwa kuiruka, nikaisafisha koki, nikairudisha na waya wake, nikashona viti, nikabandika dari kwa gundi ya viatu, na nilipofunga kila kitu zikabaki skrubu za kujaa kiganja, ambazo nilizichukulia kwamba kiwanda kiliweka nyingi kwa kujihami. Nikaliwasha asubuhi kukiwa na ubaridi, injini haijapata moto, nikazungusha swichi kwenye baridi, ikatoka hewa ya baridi. Nikapiga mluzi.

Ila kuna kitu nimekiruka. Zile sponji. Badala ya kwenda sokoni kutafuta nyingine, nilikumbuka donge la nta ya nyuki ambalo baba mdogo aliniletea kutoka Inyonga, na nta nzuri ukiikanda inaziba popote, nikaiyeyusha (sufuria ile mpaka leo haijasamehewa), nikaziba maungio yote, na iliyobaki nikasugulia dashibodi na viti mpaka vikang'aa. Gari likanukia vizuri ajabu.

"Kuna nyuki wanaingia kwenye gari lako halafu wanatoka," mke wangu akaniambia siku moja kabla ya harusi.

"Wanapita tu."

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu yenyewe. Mimi ni mtoto wa Inyonga. Nimekua nikitundika mizinga porini na baba mdogo, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mzinga mpya unapakwa nta kwa ndani, unapashwa moto kidogo ili unukie, kisha nyuki wachache wanakuja kukagua, wakipapenda wanarudi kuita ukoo mzima. Nalijua hilo kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Na bado nikasema wanapita tu.

Jumamosi uani pakajaa ndugu kwa sare za vitenge, gari limefungwa riboni, na kila mtu ana haraka, maana padre alikuwa na ndoa kadhaa siku hiyo na anayechelewa anasogezwa mwisho. Nikaliacha gari likiunguruma makusudi, lisije likagoma kuwaka mbele ya watu. Yustina akaingia, kapendeza mpaka nikamkumbuka baba. Nikazungusha swichi kwenye baridi, na ukaja upepo wa tanuru. Waya wa koki nilikuwa nimeufunga kinyume. Baridi ndiyo ilikuwa moto.

"Kaka, naungua."

"Subiri, linajipanga."

Kioo cha upande wake kikagoma kushuka (zile skrubu), tone la njano likadondoka kutoka kwenye tundu la hewa juu ya glavu yake nyeupe, nikafungua milango yote miwili, na wakati huohuo matarumbeta yakaanza. Chini ya matarumbeta nikasikia mvumo mwingine. Huo mvumo naujua tangu utoto.

"Toka. Yustina, toka sasa hivi."

Nilimvuta mkono, tukakimbia, na wingu la nyuki likashuka likaingia garini kwa utaratibu kabisa, kama wageni waliokuja na kadi. Watu wakatawanyika, mpiga tarumbeta kubwa akajifungia chooni nalo. Nyuki mmoja akanipata kwenye kope.

Aliyetuokoa ni dereva wa bajaji aliyekuwa ameleta kreti za soda. Shangazi alivua mtandio wake wa sare akautandika kwenye kiti, na bibi harusi akaenda kanisani kwa bajaji, mimi nimekaa pembeni yake na jicho linafumba lenyewe. Niliona aibu. Nilitaka kumpa siku ambayo baba angempa, basi.

Padre alikuwa mlangoni, tukawahi. Yustina akanishika mkono.

"Kaka, usilie, watasema hutaki niolewe."

"Silii. Ni nyuki."

Lile jicho jingine lilikuwa halijaumwa, na aliliona.

Jioni baba mdogo alivua koti la suti, akawasha moshi, akawahamishia nyuki wote kwenye mzinga wa maana. Alichungulia ndani ya gari kwa muda.

"Umelipaka vizuri sana," akasema. "Umesahau tu kulipandisha mtini."

Hita nimeshaitengeneza, nyie msiniangalie hivyo, waya uko sawa na maungio yana sponji za dukani, na kutengeneza gari langu mwenyewe sitaacha. Ila nta haitaingia tena kwenye gari langu hadi naingia kaburini. Yustina akija kututembelea huwa namrudisha kwake kwa gari hilohilo, na hapandi mpaka kwanza agonge mlango na kusema hodi, halafu anatega sikio.