Mama Aliye Kitabuni

Christiane alijifunza kuchomelea vyuma kwa baba yake, fundi wa reli, uani kwao katika komuni iitwayo Kenya, moja ya wilaya za mji wao wa migodi. Baadaye akaajiriwa na kampuni moja iliyotengeneza malori ya mgodi, mwanamke pekee kati ya wanaume arobaini. Siku moja akaja mpiga picha, akamsimamisha mbele ya lori, barakoa ya kuchomelea imeinuliwa juu ya paji la uso. Aproni ya ngozi ilificha mimba ya miezi minne, ambayo alikuwa amemwambia mumewe tu.

Mimba ilipoonekana, mkuu wa karakana alimwambia akapumzike hadi ajifungue. Aliporudi, mtoto mgongoni, alikuta nafasi yake imeshachukuliwa. Alizunguka karakana za mji mzima; kila mahali walimtazama mtoto kwanza, kisha yeye. Mwishowe akaanza kuuza unga wa mahindi sokoni.

Miaka tisa ikapita. Siku moja yule mtoto, Plamedie, alitoka shule mbio, amekumbatia kitabu cha elimu ya jamii. Ndani yake alikuwamo mama yake na barakoa yake, na chini ya picha maneno ya Kifaransa kwamba mwanamke anaweza kufanya kazi yoyote. Jina halikuandikwa. Wenzake darasani walikuwa wamemwita mwongo.

Ndipo mwalimu wao, Symphorien, akamwomba Christiane aje kuzungumza na watoto. Alimpokea mlangoni kwa heshima, akamnong'oneza kwamba habari za kuachishwa kazi aziache, watoto wasije wakavunjika moyo. Christiane akakubali. Aliwaeleza jinsi chuma kinavyoyeyuka kama asali, jinsi fundi anavyojua kwa sikio kama moto unashika vizuri, na kwa nusu saa alikuwa tena yule wa kwenye picha. Plamedie aliketi mbele, shingo imenyooka.

Kisha msichana mmoja akainua mkono, akataka kujua kazi yake ya sasa. "Mama, sasa unatumikaka wapi?"

Christiane alimwangalia mwalimu. Mwalimu akatazama sakafu. Christiane angeweza kudanganya.

"Minauzishaka bunga ku soko," akasema. "Kazi balininyanganya juu nilikuwa na mimba."

Mwalimu akamshukuru, akawaambia watoto wafungue ukurasa unaofuata.

Njiani, walipokaribia nyumbani, Plamedie akamvuta mama yake mkono.

"Mama, ile mimba ilikuwa mimi?"

Christiane akachuchumaa, akamshika mabega, akamwambia kosa lilikuwa la wale wakubwa wa kazi, si la mtoto hata kidogo. Alirudia mara tatu. Plamedie aliitikia kwa kichwa. Lakini tangu siku hiyo huamka kabla ya kuitwa, hufagia uwanja, huchota maji, na akiongezewa chakula hukataa, kama mgeni anayeogopa kuwachosha wenyeji wake.