Vizibo vya Fanta

Jirani yetu mtafiti hutandika mkeka uani, hapa Buyenzi, akapanga vizibo vya fanta: kila mstari ni mtaa, kila kizibo ni swali. Kikitazama juu ni ndiyo, kikilala kifudifudi ni hapana. Cha mwisho huuliza: katika vita hii, majirani wamebaki pamoja? Leo mistari miwili ilifanana kote, ikaachana kwenye kizibo cha mwisho. Mwingine angenuna, yeye alipiga vigelegele kwamba kuna swali amelisahau, akavaa kandambili, akakimbilia mitaa hiyo kuuliza asichowahi kuuliza. Akarudi anahema: “Kule walibaki pamoja, musiba ikiingia kwa Muhutu, Mututsi ndiye anapikaka! Na kwa Mututsi, Muhutu vilevile!” Swali jipya, la kupikiana msibani, linataka vizibo vipya, basi akatununulia fanta sote. Mama Fadhila, mwenye nyumba, akacheua: “Uliza ingine, mwalimu. Mi bado niko na kiu.”