Kugonga Mlango wa Butembo

Wateja wa duka letu la intaneti pale Wandegeya walikuwa wa aina mbili: wanafunzi wa chuo, waliojua kila kitu, na Wakongo, ambao mwenye duka aliniachia mimi kwa kuwa nilikulia kambi ya jeshi ya Makindye na Kiswahili hakinipigi chenga. Mtandao ukikatika, wanafunzi walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeukata. Ili kujitetea nilikuwa na programu moja ndogo, isiyo na picha wala rangi. Unafungua dirisha jeusi, unaandika jina la programu, anwani ya kompyuta iliyo mbali, na namba ya mlango wa huduma unayoitaka. Inakwenda kugonga. Mlango ukiwa wazi, inakuambia uko wazi. Isipopata jibu, inangoja kidogo, kisha inakuambia imechoka kungoja. Niliipenda kwa sababu haikuwa na maneno mengi.

Siku moja alikuja mama wa Kikongo, muuza vitenge wa Nateete, akitaka kujua kwa nini mumewe haandiki. Mume alibaki kwao Butembo akilinda ofisi ya wanunuzi wa kahawa, na alizoea kumwandikia barua pepe kwa kompyuta ya ofisi hiyo. Sasa redio ilikuwa inasema kuna mapigano huko, na simu hazishiki. Nikaitoa anwani ya kompyuta ile kwenye barua yake ya mwisho, nikagonga mlango wake wa barua. Ulikuwa wazi.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hii si habari ya mtu. Ni kompyuta tu, haimjui mumewe, inajibu kwa sababu ina umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba Butembo hakuna umeme wa serikali. Kuna jenereta ya ofisi, na ufunguo wa chumba chake unaning'inia kwenye mkanda wa mumewe, ambaye huiwasha asubuhi na kuizima jioni. Kwa hiyo mlango ukiwa wazi, mume yu hai. Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo, sikuliona. Kwa nini basi haandiki, hilo mlango haukusema.

Tangu hapo akawa anapita akitoka sokoni. Anakaa, mkoba mapajani, hagusi kompyuta. Nagonga. Akisikia uko wazi, anasema aksanti, anaondoka. Mwenye duka alilalamika kwamba mama huyu anatumia kiti bila kutumia mtandao. Nilimjibu kwamba ndiye mteja pekee ambaye hajawahi kunigombeza.

Halafu mlango ukaacha kujibu. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Ijumaa niligonga mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana. Nilimwambia huenda mafuta yamekwisha. Akasema huenda. Tulidanganyana kwa heshima, naye akaenda zake. Niliogopa, na nikaudhika kwa kuogopa, maana mume wa watu nilikuwa sijawahi hata kumwona.

Jumamosi yeye huwa kanisani, hivyo niligonga peke yangu kabla hata ya kufagia. Wazi. Nikagonga tena. Wazi. Nikamwachia duka mwanafunzi niliyemwamini kidogo, nikadandia bodaboda hadi Nateete. Nilimkuta kwenye ua wa kanisa la Wasabato, amesimama na wenzake wakingoja ibada ya pili. Nikamwambia inajibu. Nilikuwa nacheka kama mjinga.

Hakucheka. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mtoto yangu, leo ni Sabato," akasema. "Tangu anioe, hajawasha jenereta siku ya Sabato hata mara moja. Patron wa ofisi alimugombeza sana, akakatala."

Nikaanza kueleza kwamba vita hubadilisha watu. Labda askari wamemlazimisha. Labda alitaka tu kumwandikia mkewe. Au labda ufunguo uko kwenye mkanda wa mtu mwingine, lakini hilo sikulitamka, na hakukuwa na haja. Alikuwa ameshalifikia kabla yangu.

Akajifunga kitambaa chake upya.

"Kuja tuombe," akasema. "Tuombe ikuwe ni yeye ndiye amefanya zambi."

Tukaingia. Mimi Mkatoliki wa Krismasi nikapiga magoti kati ya Wasabato, nikamwomba Mungu kwa moyo wangu wote kwamba mwanamume yule mwaminifu awe amevunja Sabato.